Je, Wimbo Ulioungwa ni Uongo?

Mwezi huu twataka kunena juu ya neno tuliloulizwa na vijana wa kwaya. Kwa wazee wetu ni neno geni, walakini ndani yake mna swali la zamani sana. Swali lenyewe ndilo hili: Ikiwa kwaya imeimba wimbo mmoja mara nyingi mbele ya maikrofoni, kisha fundi akachagua kipande kizuri cha mara hii na kipande kizuri cha mara ile, akaviunga viwe wimbo mmoja, je, wimbo ule ni kweli au ni uongo? Maana hakuna hata siku moja ambayo watu wale waliuimba vile.

Tulipoulizwa mara ya kwanza tulicheka kidogo, tukadhani ni mzaha wa vijana. Baadaye tukapata habari ya kuwa mama mmoja mzee amelia kwa ajili ya jambo hilo, na ya kuwa mahali pake katika kwaya pamekuwa patupu majuma manne. Ndipo tulipojua kwamba yatupasa kulifikiri kwa bidii.

Habari ilikuwa hivi. Katika mtaa mmoja wa uwanda huu wetu wa Ufipa, kwaya ilitaka kurekodi nyimbo zake, watu wapate kuzisikia katika simu na redio. Kuwapeleka waimbaji 30 studio ya mbali kwahitaji nauli, chakula na malazi. Fedha hizo hawakuwa nazo. Basi wakamwita kijana fundi aje na kompyuta yake na maikrofoni 3, wakarekodi ndani ya kanisa. Ulikuwa mwezi wa Februari, na ninyi mkaao huku mwajua jinsi mvua ya Februari inavyonena juu ya bati. Mara ya kwanza wimbo uliharibiwa na mvua. Mara ya pili pikipiki ilipita njiani. Mara ya tatu waimbaji wa besi walitangulia kuingia. Wakaimba hata mara 6. Kisha mama yule, ambaye ndiye aliyeuanzisha wimbo huo kila sikukuu tangu ujana wetu sisi, akaingia sakristia kuimba peke yake, amevaa hedifoni masikioni, huku akiisikia kwaya iliyokwisha kurekodiwa. Aliimba mara 11.

Katika ubeti wa tatu wimbo ule wapanda juu, na hapo sauti yake ilikatika. Umri wake wapita miaka 70. Katika mara ya 4 sauti haikukatika, walakini alisahau neno la mwisho. Katika mara ya 9 ilikatika kidogo tu. Fundi ni kijana mpole. Hakumwambia kitu, alimshukuru akamwacha aende nyumbani kabla ya giza. Jioni ile akamwita msichana mmoja wa sauti ya kwanza, akamwomba aimbe yale maneno mawili ya juu, akayaweka mahali pale palipokatika. Siku ya uzinduzi wimbo ulipigwa mbele ya usharika, watu wakafurahi mno, wakina mama wakapiga vigelegele. Mama yule alisikiliza kwa furaha hata ubeti wa tatu, kisha akainama. Jirani yake alipomwuliza, alijibu maneno mawili matatu tu: "Huyu si mimi." Tangu Jumapili ile hakufika mazoezini.

Vijana wakagawanyika. Wengine walisema, Fundi amedanganya. Wengine wakasema, Fundi amefanya kazi yake, na wimbo ni mzuri. Tena kama kuunga ni dhambi, basi hakuna wimbo katika redio ulio safi. Ndipo wakatuletea sisi shauri.

Kwanza tuieleze kazi yenyewe, maana asiyejua kazi hawezi kuihukumu kwa haki. Tulikwenda kukaa na kijana yule siku nzima, naye akatuonyesha yote kwa uvumilivu. Kila mara moja ya kuimba wimbo, mafundi huiita teki. Programu ya kompyuta huiweka kila teki katika mstari wake, mmoja chini ya mwingine, kama mistari ya daftari la mahudhurio. Teki mpya ikija, ya zamani haifutwi. Kisha fundi husikiliza sentensi moja ya wimbo katika teki ya kwanza, na sentensi ile ile katika ya pili, na ya tatu, hata mwisho. Ile impendezayo huitia alama. Juu ya mistari yote programu hutengeneza mstari mmoja wa kusikilizwa, uliokusanya zile sehemu zenye alama. Tulishangaa tulipojua ya kuwa teki zenyewe haziguswi kabisa. Kompyuta huandika amri tu: toka hapa hata hapa piga teki ya 4, toka hapo hata pale piga ya 9. Kwa hiyo aliyechagua leo aweza kuchagua tena kesho.

Kuna werevu wake katika kuunga. Fundi hakati katikati ya irabu iliyovutwa, maana sauti ya teki mbili hailingani kabisa kwa kimo, na sikio litatambua. Hukata mahali pa kuvuta pumzi, au mbele kidogo ya herufi ngumu kama t na k na p, ambazo zaanza kwa kishindo na kuuficha mshono. Tena mwangwi wa neno lililotangulia hauna budi kuachwa umalizike, maana kanisa lina mwangwi wake, nao ukikatwa ghafula msikilizaji aona kama mlango umefungwa. Kisha pale penye mshono teki moja hufifishwa huku nyingine ikipandishwa, katika muda wa sehemu chache za elfu za sekunde moja. Na kama maikrofoni 3 zimesikia kwaya moja katika chumba kimoja, yapasa zote 3 zikatwe pamoja mahali pamoja. Haiwezekani kutwaa besi za teki hii na alto za teki ile, kwa kuwa kila maikrofoni imewasikia wote. Tena ni lazima kwaya iwe imeimba kwa mwendo ule ule mara zote, la sivyo vipande havipatani.

Tulimwuliza, "Mwanangu, sauti hizi zote zakaa wapi?" Akatufanyia hesabu. Maikrofoni moja, ikirekodi kwa vipimo 48,000 kwa sekunde, na kila kipimo ni baiti 3, yajaza megabaiti 8 na zaidi kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 ni megabaiti 35 hivi kwa kila maikrofoni. Kwaya iliimba mara 6 mbele ya maikrofoni 3, ndizo 18. Mama aliimba mara 11 mbele ya maikrofoni moja. Jumla ni 29, nazo zote zapata gigabaiti moja. Ni wimbo mmoja tu huo. Kwa sababu hiyo mafundi wengi hufuta teki zisizotumika, wapate nafasi. Tushike neno hilo, tutalirudia.

Sasa mtu aweza kudhani ya kuwa werevu huu ni wa siku hizi tu. Sivyo. Tangu Edison alipotengeneza chombo chake cha kushika sauti mwaka 1877, watu wameimba mbele ya vyombo. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari pamoja na wenziwe kwenda Bombay kurekodi nyimbo za taarabu kwa Kiswahili. Siku zile sauti ilichongwa katika nta, na upande mmoja wa sahani ulichukua dakika 3 hivi. Aliyekosea neno hakuwa na dawa. Nta ile iliwekwa kando, wakaanza tena toka mwanzo. Kwa hiyo tuyasikiayo katika sahani zile ni mambo yaliyotokea kweli, kwa mfululizo wake, katika dakika zile 3. Walakini angalieni: hata wakati ule watu walichagua. Ikiwa wimbo umechongwa mara mbili, mmoja ndio uliouzwa na mwingine uliachwa. Msikilizaji wa Mombasa au Tabora hakuambiwa habari ya ule ulioachwa.

Mwaka 1935 Wajerumani walionyesha mjini Berlin chombo cha kurekodi katika utepe wenye sumaku. Utepe waweza kukatwa kwa wembe na kuunganishwa kwa gundi, na hapo ndipo kuunga kulipoanza kwa nguvu. Mwaka 1966 wanamuziki wa Uingereza waitwao Beatles walirekodi wimbo wa Strawberry Fields Forever, na fundi wao akaunganisha teki ya 7 na teki ya 26, ambazo hazikuwa na mwendo mmoja wala kimo kimoja. Akabadili mbio za utepe hata zikapatana. Mpiga kinanda wa Kanada aliyeitwa Glenn Gould aliacha kabisa kupiga mbele ya watu mwaka 1964, akakaa studio, akateta kwa maneno na kwa maandiko ya kuwa kuunga teki ni sanaa yenye haki yake. Kisha kompyuta zikaja. Programu iitwayo Pro Tools ilitoka mwaka 1991, na leo kijana wa Sumbawanga aweza kufanya juu ya magoti yake kazi iliyohitaji jumba zima la studio hapo kale.

Habari moja ya zamani yafanana sana na yetu. Mwaka 1952 mwimbaji mashuhuri wa Norwe, Kirsten Flagstad, alirekodi mjini London opera ya Wagner iitwayo Tristan und Isolde. Alikuwa na miaka 56, na sauti yake ilikuwa ingali na uzuri mkubwa, illa noti mbili za juu kabisa zilikuwa zimemwacha. Noti hizo ziliimbwa na mwenzake mdogo, Elisabeth Schwarzkopf, nazo zikatiwa mahali pake. Flagstad mwenyewe alijua. Wanunuzi hawakuambiwa. Habari ilipovuja, watu wengi walinung'unika, naye akahuzunika. Hata leo rekodi ile yasifiwa kuwa miongoni mwa zilizo bora za opera hiyo, na hata leo kila anayeitaja hutaja na zile noti mbili. Saa 4 za kazi njema, na watu wakumbuka sekunde chache ambazo hazikusemwa wazi.

Basi sasa tulifikiri swali. Wale wasemao ya kuwa kuunga ni uongo wana hoja yenye nguvu. Wasema, Kuimba ni tendo, na tendo lina saa yake na pumzi yake. Mkulima akipanda mashimo 10 vizuri leo na 10 vizuri mwaka jana, hawezi kusema, Nimelima shamba bila kosa. Wimbo ulioungwa watuonyesha mwimbaji asiyechoka wala kusahau wala kukohoa. Mtu wa namna hiyo hayupo, na kumwonyesha kama yupo ni kushuhudia jambo lisilokuwako.

Sisi tumeitafakari hoja hiyo, nayo yatusumbua, walakini twaona kwamba yapita mpaka. Tutazame kazi ya babu zetu wa Ufipa. Ninyi wa uwandani mmeyaona magofu ya malungu, zile tanuru ndefu za udongo, zapata mita 3 kwenda juu. Humo wahunzi walitia mawe ya chuma na makaa ya miti. Moto ulivuta hewa wenyewe kwa matundu ya chini, bila mivukuto. Kilichotoka katika ilungu hakikuwa jembe. Kilikuwa bonge lililochanganyika na mavi ya chuma. Walilivunja, wakachagua vipande vilivyo chuma hasa, wakavitia katika tanuru ndogo iitwayo kintengwe, wakavivukuta, wakavisafisha, ndipo mhunzi akavifua pamoja viwe jembe. Je, jembe lile lilikuwa uongo kwa sababu vipande vyake havikutoka mahali pamoja pa bonge? Hakuna mnunuzi aliyelalamika hivyo. Alitaka jembe lilimalo, na jembe lililima. Mhunzi hakuahidi ya kuwa chuma chake hakikuguswa, aliahidi jembe.

Twaona hapa ufunguo wa swali. Kitu kilichotengenezwa kwa vipande huwa uongo pale kinapovunja ahadi yake. Basi yatupasa kuuliza kila rekodi, Wewe wamwahidi nini akusikiaye? Rekodi ya mahubiri, au ya shahidi barazani, au ya bibi asimuliaye habari za kale za Ufipa, yaahidi ya kuwa mtu huyu alisema hivi, kwa mfuatano huu. Ukiunga hapo nusu ya sentensi ya asubuhi na nusu ya jioni, umemtia mtu maneno kinywani, hata kama kila neno ni lake. Vivyo hivyo rekodi iliyoandikwa juu yake kwamba ni ibada ya Pasaka ya mwaka fulani. Ikitiwa vipande vya mazoezi ya Alhamisi, ni ushahidi wa uongo, nasi hatuwezi kuusafisha. Walakini rekodi isemayo, Huu ni wimbo wa kwaya yetu, haiahidi habari ya dakika 4 za siku fulani. Yaahidi wimbo, na yaahidi ya kuwa waimbao ni kwaya hiyo. Kuunga teki za watu wale wale, katika wimbo ule ule, hakuvunji ahadi hiyo.

Na tuendelee mbele kidogo. Sisi Walutheri twajifunza tangu utotoni amri ya nane, ikatazayo kumshuhudia jirani uongo. Walakini mafundisho ya Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 hayaishii katika kukataza. Yatutaka pia tumtetee jirani, na mambo yake tuyatazame kwa upande wake ulio mwema. Hapa kuna fumbo ambalo vijana wetu hawakuliona, nasi tulichelewa kuliona. Amri ile ile moja yamvuta fundi huku na huku. Anapochagua teki ambayo mama hakukohoa, na kuacha aliyokohoa, amtendea kama jirani mwema amtendeavyo mwenzake barazani: hasemi kila kosa alilolijua. Kikohozi si habari ya mama huyo. Wimbo wake ndio habari yake. Mtu aliyeimba mara 11 na mara moja akaifikia noti, aliifikia kweli. Kumhukumu kwa zile 10 ni ukali, na ukali si kweli zaidi kuliko upole. Lakini ukarimu huo huo ukipita kiasi wageuka. Ukimpa mtu sifa isiyokuwa yake, humtetei tena. Umemwondoa, umemweka mwingine mahali pake, na jina lake umelibandika juu ya mgeni.

Basi mpaka u wapi? Tulikuwa tukiutafuta katika vitabu vyetu, kumbe aliyeuona alikuwa mama mwenyewe. Tulikwenda kwake siku ya Jumatano jioni pamoja na mwalimu wa kwaya na yule fundi. Kulikuwa na baridi, akatukaribisha jikoni penye moto, akatupa uji wa ulezi. Fundi akapiga magoti, kama ilivyo adabu mbele ya bibi, akasema, "Bibi, nisamehe. Nilitaka usifedheheke."

Mama akasema, "Mjukuu wangu, sina hasira nawe. Lakini ngoja nikuulize. Sauti yangu hukatika kila Jumapili. Nani aliyekuambia kwamba nafedheheka?"

Kijana akanyamaza. Sisi nasi tukanyamaza, maana swali lile halikumhusu yeye peke yake.

Kisha tukamweleza ya kuwa teki zake zote zipo bado. Kwa neema kijana hakuzifuta. Akaomba azisikie. Fundi akafungua kompyuta pale pale jikoni, mama akazisikiliza zote 11, akicheka mahali fulani, akitikisa kichwa mahali pengine. Tulimwuliza kama ataka teki moja nzima, isiyoungwa kabisa, ipate kuwa kweli tupu. Akatushangaza. Akasema, "Baba Mchungaji, mimi sikatai kiraka. Nguo zangu zote zina viraka, navyo ni vya nguo zangu mwenyewe. Nakataa kuvikwa nguo ya kuazima nikiwa nimelala usingizi." Akachagua yeye mwenyewe: beti mbili za kwanza toka teki ya 7, na ubeti wa tatu toka teki ya 9, ile ambayo sauti yake yakatika kidogo. Teki ya 4, ambayo haikukatika, aliikataa, akasema ya kuwa hapo alikuwa akiiogopa noti na kusahau anenalo. "Katika hii nakatika," akasema juu ya ile ya 9, "lakini nasema neno." Msichana aliyeazimwa sauti yake naye aliitwa. Alikuwa akilia usiku, akidhani amemwibia bibi. Mama akamwambia ya kuwa zamu yake yaja, nayo haiko mbali.

Twajifunza hapa mambo yaliyotupita. Sisi tulikuwa tukiuliza juu ya mshono: wapo au haupo? Mama hakujali mshono. Aliuliza mawili: kipande ni cha nani, na ni nani aliyechagua. Flagstad alijua habari ya noti zake mbili, hata hivyo wasikilizaji walipojua waliona wameachwa nje. Mama yetu yeye aliachwa nje ya wimbo wake mwenyewe, na hilo ndilo zito zaidi. Kumficha mtu udhaifu wake bila kumwuliza ni kumwambia ya kuwa udhaifu ule ni aibu. Kijana alitaka kumsitiri, naye akamvua heshima asijue. Mara ngapi na sisi wachungaji na wazee twafanya hivyo, si kwa kompyuta bali kwa mambo ya usharika? Mzee asomaye polepole twampa kijana asome mahali pake, bila kumwuliza, tukisema twamhurumia.

Tena kuna neno la kutupa. Jina la mji wetu wa Sumbawanga, kama wazee walielezavyo, ni amri ya kutupa: tupa uchawi. Kutupa kwataka hekima, maana kitupwacho hakirudi. Kama kijana angalizifuta teki zile 11 siku ya kwanza, apate nafasi ya gigabaiti moja, tusingalikuwa na la kufanya ila kuomba radhi. Kwa kuwa alizihifadhi, kosa liliweza kutengenezwa.

Mama alirudi mazoezini. Ila tusidanganyane ya kuwa yote yamekwisha. Ile rekodi ya kwanza ilikwisha kuenea katika simu za watu kabla hatujaiondoa, na hadi leo yasikika sokoni. Wako wasemao ya kuwa ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi. Na kwa masikio tu, labda wasema kweli. Hilo nalo ni hatari ya kazi hii. Usharika uliozoea wimbo uliosafishwa katika simu huja Jumapili ukaisikia kwaya ya watu wenye mafua na uchovu wa shamba, ukaona imepungua. Kwaya haikupungua. Ni kipimo kilichobadilishwa bila watu kuambiwa, kama debe la mfanyabiashara lililoongezwa kitako.

Kwa hiyo mwalimu wa kwaya na vijana wake walikaa wakapatana, nasi twayatoa mapatano yao hapa, kwaya nyingine zipate kuyapima. Kila teki ipewe jina mara ile ile irekodiwapo, yenye tarehe, wimbo na namba. Mtu mmoja akae na daftari, aandike mahali palipo pazuri na palipoharibika, maana baada ya teki 10 hakuna masikio yakumbukayo. Kuunga kuruhusiwe, ila kwa sauti za waimbaji wenyewe. Sauti ya mtu isiwekwe mahali pa sauti ya mwingine pasipo wote wawili kukubali, na likifanyika litajwe. Aimbaye peke yake asikie kazi kabla haijatoka, naye awe na neno la mwisho juu ya sauti yake. Ibada isiungwe kamwe. Na teki zote zihifadhiwe katika diski mbili zilizokaa nyumba mbili, mpaka kwaya nzima iseme zifutwe. Gharama ya diski ni ndogo kuliko majuma manne ya kiti kitupu.

Je, wimbo ulioungwa ni uongo? Twajibu: La, ikiwa vipande ni vyake aimbaye, naye ajua, nao wasikiao hawakuahidiwa kitu kingine. Walakini swali hilo lina ndugu yake aliye mkubwa kuliko yeye, nalo ndilo tunalowaachia mwezi huu, mlifikiri nyumbani. Tunapomsikia mwenzetu sauti yake ikikatika mbele ya watu, ni nani afedheheshwaye, yeye au masikio yetu?